Siku Dina Alipogeuza Gari

Safari yenyewe ililipiwa na mtoto wao, Noel, na huenda ndiyo sababu mzee Yeremia aliianza akiwa amenuna. Maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa greda. Alifungua barabara Manyoni, Itigi, mpaka kule Rungwa, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha pa kupita. Sasa amestaafu, analima alizeti zake Mwankoko, pembeni mwa mji wa Singida, halafu kijana wake anampigia simu kutoka Dodoma kumwambia kwamba amewaandalia yeye na mama safari ya kwenda Ziwa Eyasi, na kwamba kuna mtu wa kuwaongoza. Mzee aliuliza aongozwe kwenda wapi, mahali alipochunga ng'ombe kabla Noel mwenyewe hajafikiriwa. Lakini mke wake, Agripina, alikuwa ameshaanza kuchagua kanga za kubeba.

Agripina alikuwa na sababu yake. Tangu aolewe alikuwa akisikia habari za chemchemi moja. Mwaka wa ukame mkubwa, sabini na nne, Yeremia akiwa kijana wa miaka kumi na saba, baba yake aliwatoa ng'ombe Misigiri, akawashusha mlimani, wakapita mbuga za Wembere, wakafika kando ya lile ziwa la magadi. Huko walikaa mpaka mvua ziliporudi. Maji ya ziwa hayanyweki, ila palikuwa na jiwe refu kuliko mtu, na chini ya jiwe yakitoka maji matamu, ya baridi, hayakauki. Bomba la Mwankoko likitoa maji ya chumvi, kama ilivyo kawaida yake, Yeremia alikuwa akionja, anatikisa kichwa, na kusema kwamba haya si maji, maji aliyaona ujanani. Agripina aliisikia habari hiyo kwenye harusi, kwenye misiba, na mara nyingi zaidi mezani kwake. Ilifika mahali akaanza kudhani kwamba chemchemi hiyo mumewe ameitunga. Alitaka akaone kama ipo.

Aliyewapokea stendi ya Singida alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, kavaa kofia ya kitambaa na sandali za matairi. Aliinama kidogo akawaamkia. Mzee aliitikia marahaba huku akiangalia nyuma yake, akauliza kiongozi yuko wapi. Mwanamke akasema ni yeye, anaitwa Dina, na kijana aliyekuwa akifunga mizigo juu ya Land Cruiser ni Andrea, dereva.

Dina alizaliwa Kinyangiri, Mnyisanzu, na kazi ya kuongoza wageni alikuwa ameifanya miaka kadhaa kwa tajiri mmoja wa hukohuko, Melkiori, mwenye magari mawili na mahema machache. Wageni wake wengi walikuwa Wazungu na wanafunzi wa vyuo. Hao ukiwaambia simameni, wanasimama. Wazee wa kwao hakuwahi kuwaongoza, na mara tu walipopita Iguguno alianza kuona tofauti. Yeremia alikuwa akimsemesha Kinyiramba. Kinyiramba na Kinyisanzu ni lugha za kaka na dada, wanaelewana bila shida, na katika lugha hizo mzee yule alikuwa baba na yeye alikuwa binti, basi; binti hamwambii baba ashuke, apande, avae kofia, asisogelee kichaka kile. Kwa hiyo kila alichoulizwa kwa Kinyiramba, Dina alikijibu kwa Kiswahili. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi yake. Mzee alilitambua hilo, na halikumpendeza.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Walipita Kinyangiri, wakapita Nduguti, na njia nzima Yeremia alikuwa akiikagua barabara: hapa hawakuchimba mfereji, hapa wamemwaga changarawe bila kushindilia, hili kalavati litaondoka na maji. Andrea alikuwa akiitikia, maana yote yalikuwa kweli. Baada ya Mwangeza barabara iliisha, ikabaki njia ya magurudumu mawili kati ya migunga. Mbung'o waliingia garini, Agripina akawapiga kwa kanga. Kwa mara ya kwanza aliona mbuni kwa macho yake, dume na majike yake wakikimbia sambamba na gari, akawacheka jinsi wanavyotupa miguu. Jioni walipiga mahema ukingoni mwa bonde dogo, Agripina akatoa kuku aliyemkaanga nyumbani, wakala. Mzee alikubali kwamba hema si baya.

Mpango ulikuwa kwamba kesho yake wavuke mbuga, wafike ziwani mchana, walale huko, na waitafute chemchemi bila haraka. Dina alishawaambia ukweli: ufukwe anaujua, na chemchemi kadhaa anazijua, ila hiyo yenye jiwe refu hajawahi kuiona. Mzee alisema ataionyesha yeye.

Mtu wa Singida hahitaji kuelezwa mbuga ni nini. Ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi, kiangazi umepasuka kama kigae, ukilowa unashika mpaka ng'ombe. Mbuga ile ina njia moja tu ya gari, na katikati yake njia inakatwa na korongo la mchanga, ambalo maji yake yanashuka kutoka milima ya Mbulu. Ulikuwa mwanzo wa Desemba. Mvua haikuwa imenyesha bado upande wao, na vumbi lilikuwa likiwafuata tangu asubuhi.

Kwenye korongo Dina alimwambia Andrea asimame. Alishuka, akatembea kwenye mchanga, akachutama. Mchanga ulikuwa umelowa juu. Wiki iliyotangulia alipita hapo na wanafunzi, ulikuwa mkavu mpaka chini. Alifuata korongo kwenda juu kidogo, akaona povu jembamba limekaukia kwenye mizizi, alama ya maji yaliyopita. Kaskazini mashariki, juu ya Mbulu, wingu lilikuwa limekaa palepale lilipokaa jana na juzi, jeusi chini, jeupe juu. Alijaribu kumpigia mtu anayemfahamu huko juu, simu haikupatikana. Alirudi akamuuliza Andrea anaonaje. Andrea alisema leo watapita. Kuhusu siku ya kurudi alinyamaza.

Dina alikwenda dirishani kwa wageni wake.

"Mzee, mama, hapa tunageuza," alisema. "Tunarudi tulikolala."

Yeremia alidhani hakusikia vizuri. Alishuka, akaenda kuutazama mchanga, akaupiga teke kwa kiatu chake kipya cha safari, zawadi ya Noel. "Huu ndio unaoogopa? Mimi nimevusha greda kwenye matope ya Rungwa."

"Kuvuka tutavuka, mzee. Kurudi ndiko sikujui."

Alimweleza kwamba mbuga ikilowa kabla hawajarudi, gari litakaa ng'ambo mpaka ikauke, na kukauka kwaweza kuchukua wiki nyingi. Kwamba upande ule hakuna duka wala zahanati. Kwamba yeye mzee ana dawa zake za presha za siku chache. Yeremia alijibu kwa Kinyiramba, polepole, ili ionekane hakukasirika bali anafundisha, kwamba mtoto hamgeuzi mtu mzima njiani kama anayegeuza ndama. Dina alisikia kila neno. Akasema kwa Kiswahili kwamba gari linarudi.

Agripina alitazama wingu, akamtazama mumewe, kisha akapanda garini akafunga mlango. Mzee akabaki amesimama peke yake kwenye mchanga, na kwa kuwa hakuna aliyemwita tena, mwishowe naye akapanda.

Jioni ile kambini Dina alipika ugali wa uwele na mlenda, akawawekea, Yeremia akala kidogo akageukia upande wa pili. Agripina naye, ingawa ndiye aliyepanda gari wa kwanza, hakuwa na furaha. Alimsaidia Dina kuosha vyombo, akamwambia kwamba mwanangu, sikulaumu, lakini umri huu mtu haambiwi njoo mwakani.

Asubuhi mzee hakuwepo.

Agripina alidhani amekwenda kujisaidia. Andrea alichemsha chai, ikaiva, ikapoa. Ndipo Agripina alipoingia hemani akakuta kiatu hakipo, fimbo haipo, na chupa moja ya maji haipo. Alitoka akamwambia Dina kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba baba Noel ameondoka, lakini mikono yake ilikuwa imekamata nguzo ya hema na haikuiachia.

Dina alimwambia Andrea abaki na mama, asizime simu, na jua likipita utosini aende kijijini kuomba watu. Alijaza maji, akashika njia. Nyayo za viatu vipya zilikuwa wazi: soli yenye meno makubwa, ncha zikielekea nje. Zilikwenda sawasawa kaskazini bila kuyumba, kama za mtu anayejua anakokwenda. Kitu alichokiogopa Dina hakikuwa simba, maana hakuwasikia usiku ule. Alikuwa akiliogopa jua, na chupa moja ya maji, na moyo wa mtu wa miaka sitini na saba. Aliogopa pia kitu kingine ambacho hakupenda kukifikiria: kwamba mzee huyu akifa, atakuwa amekufa kwa sababu yeye aligeuza gari.

Mbele kidogo hatua zilianza kufupika. Kisha mguu wa kulia ulianza kukwaruza chini. Dina aliongeza mwendo.

Alimkuta juu ya kilima cha mawe, ameketi, viatu amevivua na kuvipanga kando yake. Visigino vyote viwili vilikuwa vimechubuka vikabaki nyama. Hakugeuka aliposikia mtu anapanda.

"Shikamoo, baba," Dina alisema.

"Marahaba."

Aliketi kwenye jiwe la chini yake, akampa maji, mzee akanywa. Kutoka pale ziwa lilionekana. Lilikuwa mbali sana, zaidi ya siku nzima kwa miguu yake ile: utepe mweupe chini ya anga, na ukingoni mwake waridi hafifu, ambako heroe, wale ndege wa miguu mirefu, walikuwa wamekusanyika. Kuna mahali mlima ulikuwa umeingiza kidole ndani ya weupe ule. Yeremia alikielekezea fimbo.

"Pale chini," alisema. "Upande wa huku."

Akaanza kumweleza. Hakueleza kama alivyozoea kueleza mezani, habari za jiwe na ubaridi wa maji. Alisema kwamba walikuwa watatu, baba yake, kaka yake na yeye. Walikunywa maziwa asubuhi na jioni, hapakuwa na kitu kingine, na hakumbuki kuona njaa. Baba yake alikuwa mtu mkali nyumbani, lakini kule alikuwa akiimba. Mvua ziliponyesha wakarudi, wakapanda mlima mpaka Misigiri, na nyumba yao hawakuikuta. Watu wote walikuwa wamehamishiwa barabarani, kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Mama yao alikuwa akiishi kwenye kibanda cha mabua. Ng'ombe hawakuwa na pa kulala, wakauzwa mmoja mmoja. Baba yake hakuimba tena, au kama aliimba, Yeremia hakuwepo. Mwaka uliofuata alikwenda kujifunza udereva.

"Silalamiki," alisema. "Kijijini tulipata shule, tulipata kisima. Ninachotaka ni kuketi pale kidogo tu." Aliitazama miguu yake. "Unafikiri nitakuja tena?"

Dina angeweza kusema ndiyo. Wageni walikuwa wakimuuliza swali hilo kila safari naye alikuwa akijibu ndiyo, karibuni tena. "Sijui, baba," alisema.

Alikuwa amesema kwa Kinyisanzu. Hakupanga, maneno yalitoka hivyo. Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afike pale. Dina akaendelea kwa lugha hiyohiyo, maana sasa kurudi kwenye Kiswahili kungekuwa kama kuinuka na kuondoka. Alimwambia kwamba hakuja kumwamuru. Anaomba. Mama amekamata nguzo ya hema tangu asubuhi na chai hajainywa. Yeye mwenyewe hana hakika kama mvua itanyesha. Inawezekana amekosea, na kama amekosea ni yeye aliyemnyima ziwa, hatamsingizia mtu. Lakini hawezi kumwacha pale, wala hawezi kumbeba.

Yeremia alilitazama wingu la Mbulu kwa muda. "Hilo halinyeshi," alisema.

"Inawezekana."

"Halinyeshi." Akavuta kiatu kimoja. Mguu ulikataa kuingia. Dina alivua kofia yake, akaichana kwa meno ikawa vipande viwili, akamfunga visigino, wakalegeza kamba mpaka mwisho, na viatu vikaingia. Mkono aliopewa ashikilie aliukataa. Mteremko ulipokuwa mkali aliweka kiganja begani kwa Dina, na walipofika tambarare hakukiondoa.

Agripina aliwaona wakija, akaketi chini. Mumewe alipofika mbele yake alimwambia chai ipo, imepoa. Akainywa hivyohivyo.

Mvua haikunyesha. Haikunyesha siku hiyo, wala wiki hiyo, na lile wingu la Mbulu siku moja liliondoka bila kuonekana lilikokwenda. Noel alimpigia Melkiori simu, akaongea kwa adabu lakini kwa kirefu. Melkiori alimwita Dina akamwambia kwamba mteja hasafiri ili akaone gari likigeuzwa. Kundi lililofuata alimpa kiongozi mwingine, Benjamin, ambaye alivuka korongo lilelile, akalala ziwani, akarudi na picha nzuri za heroe. Benjamin si mtu mbaya, hakumcheka Dina usoni. Aliwaonyesha watu picha tu.

Dina alikwenda kumsaidia mama yake kupalilia. Akiwa shambani alikuwa akiurudia ule mchanga kichwani. Ulikuwa umelowa, hilo aliliona kwa macho yake. Povu lilikuwepo. Siku nyingine alijiambia kwamba mtu mwenye dalili zile anayevuka na wazee wawili ni mwendawazimu. Siku nyingine alijiambia kwamba aliogopa, basi, na hofu ikajitafutia dalili. Mvua zilipokuja kweli, baada ya mwaka mpya, zilikuja na nguvu, mbuga ikawa ziwa jingine. Lakini hiyo haikuthibitisha kitu. Mvua za mwaka mpya huja kila mwaka.

Melkiori alimrudisha kazini polepole, kwanza na wanafunzi, kisha na wageni wa siku moja.

Mwezi wa saba simu iliita, akasikia sauti ya Agripina. Baada ya salamu, ambazo zilikuwa ndefu na ziligusa mahindi, alizeti, na afya ya mama yake Dina, Agripina alisema kwamba baba Noel anataka kwenda tena. Noel alimtafutia kampuni kubwa ya Arusha, mzee akaikataa, akasema anamtaka yule binti.

Dina aliuliza kwa nini.

"Hajasema," Agripina alijibu. "Na mimi sijamuuliza, asije akabadili mawazo."

Wakaenda Agosti, Andrea kwenye usukani. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukipeperusha vumbi jeupe kutoka ziwani, mbuga imepasuka mpaka unaweza kupoteza fimbo ndani ya ufa. Yeremia alikuwa amepungua. Mguu wa kulia ulikuwa ukimsumbua, na safari hii alivaa sandali za matairi. Alimsemesha Dina Kinyiramba, Dina akamjibu Kinyisanzu, na palipohitajika amri alitumia Kiswahili, mzee akatii bila kuonyesha kwamba anatii. Walipofika korongoni Andrea alipunguza mwendo, akavuka, akaongeza mwendo. Mzee alikuwa akitazama dirisha la upande mwingine.

Walifika kwenye kile kidole cha mlima jua likiwa bado juu. Mzee alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Alizunguka na fimbo yake, akasimama, akazunguka. Alisema mlima uko sawa, ila miti haiko sawa. Palikuwa na msitu hapa. Dina hakumwonyesha njia; alikuwa akitembea pembeni yake.

Chemchemi ya kwanza waliyoifikia ilikuwa kwenye matete, na maji yake mzee aliyatema. Ya pili ilikuwa imejengewa birika la saruji la kunyweshea mifugo, lenye bomba fupi la chuma, na mawe yaliyovunjwa yametapakaa pembeni. Yeremia aliitazama kwa mbali, akasema siyo, kwao hapakuwa na saruji. Akapita. Ya tatu ilikuwa mbele zaidi, dimbwi dogo chini ya mwamba, limekanyagwa na kwato. Mama mmoja mfugaji, Mbarbaig, alikuwa akijaza madumu ya njano na punda wake wawili wakimngoja. Dina alimsalimu, akamuuliza kama anafahamu chemchemi ya jiwe refu. Yule mama alisema yeye ameolewa hapo, hajui ya zamani. Jiwe ndilo hilo.

Jiwe hilo lilifika gotini.

Yeremia aliliendea. Aliliwekea mkono juu, akalizunguka, akalitazama ziwa, kisha mlima, kisha tena jiwe. Agripina alikuwa amesimama nyuma yake, kanga imeshikwa mdomoni kwa sababu ya vumbi.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

Yule mama alimaliza dumu moja akaanza jingine.

"Itakuwa hii," mzee alisema.

Alichota kwa kiganja akanywa. Agripina naye akachota, akaonja, akamtazama mumewe. "Ina chumvi."

"Kidogo."

"Si ulisema tamu?"

"Ulikuwa mwaka wa ukame," Yeremia alisema. "Maji yote yalikuwa matamu."

Akaketi, akaegemeza mgongo kwenye lile jiwe fupi, akanyoosha miguu. Dina alimwendea Agripina, wakasogea kando wakijifanya wanatazama heroe. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hataki kumficha mama kitu: kwa anavyoona yeye, ile yenye birika ndiyo yenyewe. Yale mawe yaliyovunjwa pale yalikuwa jiwe moja, kubwa, na waliojenga birika ndio waliolipasua. Maji yake pia yatakuwa mazuri zaidi, ndiyo maana walijenga pale. Kama mama anataka, amwambie mzee, wanaweza kurudi.

"Najua," Agripina alisema. "Nililiona lile jiwe lilivyopasuliwa. Na yeye ameliona."

Wakageuka kumtazama. Alikuwa amevua sandali, na alikuwa akimweleza kitu yule mama Mbarbaig, kwa Kiswahili chenye Kinyiramba ndani, akielekeza fimbo huku na huku: ng'ombe walilala pale, moto uliwekwa pale. Yule mama alikuwa ameacha kuchota na alikuwa akisikiliza.

Walipiga mahema hapohapo. Asubuhi Yeremia aliamka wa kwanza, na safari hii alimwamsha mkewe kumwambia anakokwenda. Alikwenda na dumu mpaka kwenye dimbwi, akachota mwenyewe, akarudi akichechemea, akachemsha chai, akamimina vikombe vinne, akawasimamia wanywe. Agripina alikunywa. Dina alikunywa. Andrea alionja, akaongeza sukari vijiko vitatu, akakoroga, akaonja tena, na akasema ni nzuri.